Muhogo Uliopikwa Kama Ndizi

Klaudia wa Izigo hakujaliwa kipaji cha kunyamaza, na kukosa kipaji hicho ndiko kulikompa kazi ya kupikia watoto wa shule. Siku wazazi walipoitwa kujadili chakula cha mchana, wanaume walikaa viti vya mbele wakakunja nne, wakasema yale yanayosemwa na watu walioshiba, au wanaotaka waonekane wameshiba. Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Kahigi, alisimama na fimbo yake akatangaza kwamba mtoto wa Mhaya hapangwi foleni ya makande kama mfungwa. Kila mtoto ana kibanja kwao, alisema, na kwenye kibanja kuna ndizi.

Klaudia akainuka nyuma kabisa, mjane mwenye khanga iliyopauka na sauti ya kuitia ng'ombe wa ng'ambo ya bonde. "Mzee Kahigi, waitu," akasema, kwa neno letu la heshima, "hizo ndizi ziko kwenye kibanja cha nani? Mimi nimetembea kutoka kanisani mpaka hapa, nimeona visiki."

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka mmoja mmoja, kwa sababu ilikuwa kweli. Mnyauko ulikuwa umepita vijijini humo kama mtoza ushuru asiye na huruma. Majani yaligeuka njano, mikungu ikaiva kabla ya wakati wake, na ukipasua ndizi unakuta ndani imeoza. Maofisa wa kilimo walikuja wakasema ng'oeni, fukieni. Klaudia aling'oa kwa mikono yake migomba aliyoikuta siku alipoolewa kutoka Maruku, migomba iliyopandwa na baba mkwe wake, na siku ile alilia kwa sauti kama aliyefiwa. Majirani walikuja kumpa pole, wakaketi, wakatafuna punje za kahawa, wakaondoka. Wiki zilizofuata zikawa zamu yao.

Sasa, anayewajua watu wa huku anajua kwamba kuna mambo wanayasema sana na kuna jambo moja hawalisemi kabisa. Tutakwambia tumesoma, tutakwambia mtoto wetu yuko Ulaya, tutakwambia kahawa ya baba ilivyokuwa ikisafirishwa kutoka bandarini Bukoba. Wengine wanatuita nshomile, wasomi wa majivuno, na tunajifanya tumekasirika huku tumefurahi. Lakini Mhaya asiye na kitu chunguni hasemi ana njaa. Anasema leo hajisikii kula.

Kwa hiyo mkutano ule ulimalizika kwa watu kukubali bila kukubali. Ikaamuliwa kila mzazi alete mahindi na maharage kadiri ya uwezo wake, "kwa ajili ya wale watoto wa mbali," kama alivyosema Mzee Kahigi, ili asiwepo mtu wa karibu wa kuonekana mhitaji. Na kwa kuwa Klaudia ndiye aliyepayuka, akakabidhiwa upawa.

Aliupenda upawa ule kuliko alivyotarajia. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na ndani ya majuma machache Klaudia alizijua nyumba zote za kijiji kwa jinsi watoto walivyonyoosha bakuli. Mtoto aliyekula kwao alinyoosha bakuli huku akiongea na mwenzake. Ambaye hakula hakuongea. Macho yake yalikuwa kwenye upawa, kutoka sufuriani mpaka kwenye bakuli, yasiruke popote. Hao Klaudia aliwaongezea bila kusema neno. Miongoni mwao alikuwamo mjukuu wake mwenyewe, Kemilembe wa darasa la kwanza, yatima wa mwanawe, ambaye aliishi naye. Na alikuwamo pia Julius wa darasa la pili, kitinda mimba wa Mzee Kahigi. Hilo la Julius Klaudia hakumwambia mtu yeyote.

Siku yenyewe ilianza kwa upungufu. Mahindi yalikuwa yamekwisha na yaliyoahidiwa hayakufika. Yalikuwepo maharage tu, gunia alilolitoa Muhidini, mwenye duka la nafaka pale senta, kama sadaka yake. Jioni ya siku iliyotangulia Mzee Kahigi alipita shuleni akasema jambo rahisi: kesho watoto watoke saa sita, wakale kwao.

"Wakale nini?" Klaudia aliuliza.

"Klaudia, kila siku wewe na maswali. Wakale chakula."

"Mimi nina muhogo shambani, Mwenyekiti. Umekomaa. Nitaupika na maharage."

"Mali yako," alisema Mzee Kahigi, akaenda zake.

Ulikuwa muhogo wake wa kwanza. Pale ilipokuwa migomba, mkwewe Saburi, Msukuma aliyemwoa binti yake mkubwa, alikuja na mzigo wa vijiti vya mbegu akampandia kibanja kizima kwa siku moja. Kijana mwenye adabu, hamtazami mama mkwe usoni. Alipomaliza alisema huku anaangalia jembe, "Mama, huu ni muhogo wa unga. Uuvundike kwanza, uuanike, ndipo usage."

Klaudia alimshukuru sana, na moyoni akacheka. Wasukuma na kuvundika kwao! Kuchukua chakula kizima, kukiloweka mpaka kinuke, kukianika juu ya mawe kwenye vumbi, halafu kukisonga ugali mweusi. Aliona ni desturi tu, kila kabila na lake. Kwa mama yake hakuna chakula kilichowahi kuozeshwa makusudi. Chakula humenywa kikiwa kibichi, hupangwa juu ya maharage, hufunikwa kwa majani ya mgomba na kuiva kwa mvuke. Mhaya hakuhitaji kufundishwa kupika na mtu wa ugali, hata akiwa mkwe mzuri kama Saburi.

Basi alfajiri ile aling'oa, akapakia viroba kwenye bodaboda, na kufikia asubuhi alikuwa jikoni pa shule na akina mama wawili wa zamu wakimenya. Alitafuna kipande kibichi. Ulimi ulijikunja.

"Mchungu," alisema mmoja wa wale akina mama.

"Ardhi imechoka," Klaudia alijibu. "Hata wewe ungekuwa mchungu ukipandwa hapo. Chumvi itautuliza."

Alipanga maharage chini, muhogo juu, maji kidogo tu, kama anavyopanga ndizi. Akaenda nyuma ya kanisa palipobaki migomba michache, akakata majani mapana, akafunika masufuria yote, akakandamiza pembeni kwa mawe ili mvuke usipate pa kutokea. Alijisifu kwa kufunika. Mpishi mvivu, alikuwa akisema, utamjua kwa mvuke unaopotea.

Mwalimu wa zamu alikuwa Maulida, binti wa Bukoba mjini ambaye ndiyo kwanza ameajiriwa. Sheria ilimtaka aonje kabla ya watoto. Alionja kijiko cha maharage na kipande kidogo cha muhogo.

"Maharage matamu, Bibi. Muhogo una uchungu kidogo, au ni mimi?"

"Ni ardhi, Mwalimu."

Na Mwalimu Maulida, aliyelelewa mjini kwa wali na ambaye hakuwahi kushika jembe, angebisha kwa lipi? Aligonga kengele.

Watoto walikula. Wakubwa walibakiza, wakinung'unika. Wadogo walio na kitu tumboni walilamba maharage wakasukuma muhogo kando. Lakini wale wa macho kwenye upawa walimaliza, wakarudi, na Klaudia akawaongezea kama kawaida yake, vipande vikubwa, vile vya katikati ya sufuria. Julius alirudi mara ya tatu. Kemilembe alikula mpaka akapumua kwa mdomo, na bibi yake akamfuta midomo kwa pindo la khanga akiwa na furaha ya kweli. Angekuwa na uwezo, siku hiyo angewalisha wote namna ile mpaka washindwe kuinuka.

Alikuwa anasugua masufuria Mwalimu Maulida alipotokea mlangoni akikimbia, viatu mkononi.

"Bibi, njoo darasa la kwanza. Njoo haraka!"

Harufu ya matapishi ilimpokea kabla hajafika. Mtoto mmoja alikuwa amelala juu ya dawati. Wawili walikuwa wameshika vichwa wakilia kwamba vinapasuka. Mwingine alijaribu kusimama akaanguka kando kama mlevi, na watoto wengine, masikini, wakacheka kwa kudhani anaigiza. Kemilembe aliketi sakafuni ameegemea ukuta. Alikuwa anapumua mbiombio kama aliyekimbia kutoka mbali, na alipomwona bibi yake hakuinua mkono.

"Mawe!" Klaudia alipiga yowe la Kihaya la kumwita mama. "Mwana wange!"

Kuna watu hufika mahali pa msiba kabla msiba haujafika, na kabla darasa la pili halijaanza kutapika, uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Vijana wa bodaboda wa senta walikuja wote. Watoto walibebwa wawili wawili, mtu mzima akiwa nyuma kuwashikilia, wakateremshwa barabarani kuelekea kituo cha afya. Waliozidiwa walikuwa tisa. Wengine walitapika, wakanywa maji, wakapata nafuu palepale.

Mzee Kahigi alifika akihema, akamkuta Julius amepakatwa na dereva, shingo imelegea. Alisimama kwenye vumbi, na hofu yake ikageuka hasira, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu zaidi. "Ni maharage!" alipaza sauti. "Yule Muhidini ametuletea maharage ya dawa ya dumuzi! Amewaua watoto!"

Neno lile lilikamata kama moto kwenye nyasi kavu. Kila mtu alikumbuka kwamba maharage ya dukani hutiwa dawa. Mtu akasema Muhidini hutoa sadaka ya vilivyoharibika. Mwingine akasema alisikia harufu. Kabla bodaboda ya mwisho haijaondoka, kundi la watu lilikuwa linashuka senta, na baadhi walikuwa wameokota mawe.

Klaudia aliliona kundi lile akiwa juu ya pikipiki, Kemilembe mapajani. Alikuwa ameyachambua maharage yale kwa mikono yake, punje kwa punje. Yalikuwa safi. Alitaka kupiga kelele, lakini pikipiki iliruka shimo, na kichwa cha mtoto kikamgonga kifuani, na hapo ndipo sauti ya mkwewe ilipomjia, ile sauti ya upole ya mtu anayeangalia jembe. Uuvundike kwanza.

Hakuna aliyemwambia lolote, lakini alijua, kama mtu anavyojua amekanyaga nyoka kabla hajatazama chini.

Kituo cha afya kilikuwa na vitanda vichache na daktari mmoja, Kagaruki, mwanamume mfupi mwenye macho mekundu ya usingizi mchache. Watoto walilazwa vitandani na chini kwenye mikeka. Mzee Kahigi alikuwa ameshaeleza: ni dawa ya wadudu kwenye maharage. Muuguzi alikuwa anatayarisha sindano. Daktari alifunua jicho la Julius, akamulika, akafunua la mtoto mwingine. Akakunja uso.

"Dalili hazikai sawa," alisema, kama anayejisemea. Akageuka. "Nani amepika?"

Wote wakamtazama Klaudia. Alikuwa bado amempakata Kemilembe, hajamweka chini.

Alijua nini kinamsubiri. Wazazi wa watoto tisa walikuwa ndani ya chumba kile. Polisi walikuwa wameshapigiwa simu. Akisema, hatakuwa tena Klaudia aliyewatetea watoto mkutanoni. Atakuwa mwanamke aliyewapa sumu ya shambani kwake, na chakula cha shule kitakufa siku hiyohiyo. Na asiposema, daktari atatibu maharage, na kule senta watu watamtibu Muhidini kwa mawe.

"Maharage ni mazima," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akalazimika kurudia. "Maharage ni mazima, Daktari. Ni muhogo. Ni wangu. Niliambiwa ni wa kuvundika, nikaupika hivihivi, nikaufunika na majani."

"Muhogo mchungu? Haukulowekwa kabisa?"

"Kabisa."

Daktari hakumgombeza. Alisema kwa mkato, "Acha hiyo sindano," na muuguzi akaiacha. Zikaletwa dripu za sukari, ukaburutwa mtungi wa oksijeni uliokuwa pembeni, na daktari akaanza kuongea kwenye simu na Bukoba kwa haraka, maneno ya kidaktari. Mwanamke mmoja alimjia Klaudia akamshika khanga shingoni, "Umeniulia mtoto! Umeniulia mtoto!" na Klaudia hakujitetea. Mwalimu Maulida ndiye aliyewatenganisha, kisha akatoka nje na simu, akasikika akimpigia kelele mtu wa senta kwamba mwacheni Muhidini, mwacheni, si maharage. Baadaye ilijulikana kwamba walikuwa wameshavunja mlango wa duka, na Muhidini alikuwa juu ya dari.

Gari la wagonjwa lilifika likasimama mlangoni injini ikiunguruma.

Daktari Kagaruki alisimama katikati ya chumba. "Nisikilizeni, sina muda wa kurudia. Dawa yenyewe ya sumu hii sina, iko Bukoba. Gari linabeba watoto wanne na mtungi wa oksijeni ni mmoja. Wengine watabaki na dripu mpaka gari lirudi. Kwa kuwatazama tu, hawa tisa wanakaribiana. Lakini sumu hii ina ubaguzi. Mtoto aliyekula jana, mwenye samaki na maziwa na maharage mwilini, mwili wake unapambana nayo. Aliyekuja na tumbo tupu humaliziwa upesi. Kwa hiyo nijibuni ukweli. Nani hakula asubuhi? Na jana usiku alikula nini?"

Alianza kitanda cha kwanza.

"Wangu alikula," alisema mama wa pale. "Ebitoke." Yaani ndizi.

"Jana usiku?"

"Ebitoke na maharage."

Kitanda cha pili: ebitoke na samaki. Mkeka wa kwanza: ebitoke. Mkeka wa pili: ebitoke, na asubuhi chai ya maziwa. Alipofika kwa Mzee Kahigi, mzee alijinyoosha kwa fimbo yake. "Ebitoke na nyama. Kwangu mtoto halali njaa, Daktari."

Daktari Kagaruki naye ni Mhaya. Amekuja kazini kila siku kwa barabara ileile, amepita kando ya visiki vilevile. Alimtazama kila mzazi aliyemjibu, na ilionekana wazi kwamba anajua anadanganywa. Lakini kujua huko hakukumwambia amchague nani.

Ikabaki zamu ya Klaudia.

Ni jambo la ajabu, lakini ndivyo lilivyokuwa. Dakika chache zilizopita alisema mbele ya watu wote kwamba amewalisha watoto wao sumu, na neno lilitoka. Hili la sasa lilikataa kutoka. Kukosea mapishi ni kosa, na kosa lina msamaha wake. Lakini kusema nyumbani kwangu hakujapikwa, kusema hivyo mbele ya Kahigi na mbele ya wanawake ambao wamekuwa wakisalimiana naye kwa miaka mingi wakiulizana "mmekula nini huko" na kujibizana "ebitoke, waitu," hiyo ni sawa na kuvua nguo sokoni. Alitazama chini. Midomo ya Kemilembe ilikuwa imebadilika rangi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo chenyewe alikuwa amekipakata.

"Wangu hakula," alisema.

"Asubuhi?"

"Asubuhi hakula. Jana usiku hakula. Jana mchana alikula shuleni, basi." Akavuta pumzi. "Wala usimwulize yeye, Daktari, akizinduka. Atakwambia ebitoke. Nimemfundisha mimi aseme hivyo. Akiulizwa na mwalimu, na padri, na jirani, aseme ebitoke na samaki. Wote humu tumewafundisha. Ndizi ziko wapi? Nani humu ana mgomba uliosimama?"

Mama wa kitanda cha pili alijifunika uso kwa khanga, na kutoka ndani ya khanga ikasikika, "Hata wangu." Kisha yule aliyemkaba Klaudia shingo, macho yametoka, akasema haraka kama anayetema kitu, "Wangu alikunywa maji. Maji matupu, Daktari, mchukue."

"Watatu," alisema daktari. "Bado mmoja. Haraka."

Dereva alipiga honi nje. Mzee Kahigi alikuwa amesimama palepale, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye mguu wa mwanawe. Daktari alikuwa ameshaanza kuelekea kwa mtoto mwingine, mkubwa kidogo, na Klaudia aliona kwamba Julius anaachwa. Alimngoja baba wa mtoto aseme. Mzee alifungua mdomo, akaufunga.

Kumwumbua mwanamume mzima, mwenyekiti, mbele za watu, si jambo dogo huku kwetu. Wapo waliokosana vizazi na vizazi kwa dogo kuliko hilo. Klaudia hakutaja njaa. Alimsogelea karibu, akamsemesha kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo hakuna aliyedhani anayo.

"Mzee Kahigi, waitu. Mimi ndiye ninayempakulia."

Mzee alimtazama. Kisha fimbo ikaanguka, na mtu yule aliyekuwa na maneno ya kila mkutano akalia kama mtoto mdogo, mdomo wazi. "Julius," alisema. "Mchukueni Julius. Tangu juzi tunakunywa chai kavu. Mchukueni mwanangu."

Walimchukua.

Njiani Klaudia aliketi sakafuni mwa gari, mguu wa Kemilembe mkono mmoja na wa Julius mkono wa pili. Muuguzi alihamisha kikombe cha oksijeni kutoka uso mmoja kwenda mwingine, akihesabu kwa midomo. Kila kilipoondoka usoni kwa Kemilembe, Klaudia naye aliacha kupumua mpaka kirudi. Alisali rozari bila rozari. Alimwahidi Mungu vitu vingi ambavyo hakuwa navyo. Ziwa lilipotokea upande wa kulia, jeupe kwa jua, alijua Bukoba iko karibu, na akamchukia dereva kwa kupunguza mwendo kwenye kona.

Hospitalini waliwapokonya watoto mikononi mwake, mlango ukafungwa. Akabaki kwenye benchi. Watu walipita na mabakuli ya wagonjwa, naye akageuza uso. Askari polisi alikuja, akamwuliza jina, akaketi benchi lilelile bila kumwuliza zaidi. Labda alikuwa na watoto. Mara mlango ukafunguliwa wakasema Julius amekaa, anataka maji. Mara tena wakasema wale wawili wengine wanaendelea vizuri, na gari limerudi kuwachukua watano waliobaki. Kemilembe hawakumtaja. Klaudia hakuthubutu kuuliza. Alijua kwamba asipouliza, mtoto bado yuko hai.

Alipoitwa, alisimama, na askari akamshika kiwiko. Kemilembe alikuwa kitandani chini ya shuka kubwa mno kwake, sindano mkononi, midomo imekauka lakini imerudi rangi yake. Macho yalikuwa wazi. Muuguzi mmoja wa pale, mama wa makamo, alikuwa ameinama anampangusa uso kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akimchangamsha ili asilale tena.

"Hujambo, mama? Unaitwa nani? Eti, leo asubuhi ulikula nini kwenu?"

Mtoto aligeuza macho taratibu akamtafuta bibi yake, akampata. Akakusanya nguvu zote alizokuwa nazo.

"Ebitoke," alisema. "Na samaki."

Muuguzi alitabasamu. "Ala! Mmebarikiwa."

Klaudia alishika ukingo wa kitanda. Alikuwa analia, na alikuwa na furaha, na aibu ilikuwa inamla nyama, vyote kwa pamoja.

"Hakula, dada," alimwambia muuguzi. "Tangu jana mchana hajala kitu ila ule muhogo. Mpeni uji."